KANALI STAPP: Daktari aliyejifunga kwenye kiti cha roketi

Leo siasa nimeziweka pembeni kidogo. Nataka niwasimulie habari za mzee mmoja wa Kimarekani anayeitwa John Paul Stapp. Alishafariki siku nyingi, mwaka 1999, na wengi wetu hatukuwahi kumsikia darasani, lakini wewe uliyeshuka kwenye gari salama asubuhi ya leo una deni naye dogo.

Kilichonifanya nimtafute ni siti ya basi. Kuna siku nilipanda Coaster, nikapata siti ya nyuma ya dereva, nikashukuru Mungu. Tukiwa njiani dereva akakanyaga breki ghafla, na mimi sikuteleza kutoka kwenye siti, mimi na siti yangu tulikwenda pamoja! Kumbe ilikuwa imeshikwa na nati moja tu, miguu mingine imekaa kwenye mabati kama mgeni. Konda akacheka, abiria wakacheka, na mimi nikacheka ili nisionekane mshamba. Lakini nilipofika nyumbani ile kitu haikunitoka kichwani. Hivi kama tungegonga kweli, nani angeniua, lile gari la mbele au siti niliyokalia?

Basi, swali hilohilo ndilo Stapp alilihangaikia karibu maisha yake yote.

Alizaliwa tarehe 11 Julai 1910, na wala si Marekani bali Bahia, Brazili, ambako wazazi wake walikuwa wamisionari wa Kibaptisti. Alikulia hukohuko, kisha akapelekwa Texas kusoma sekondari. Hakuwa mtoto wa tajiri. Alipoingia Chuo Kikuu cha Baylor hakuwa na mpango wa udaktari kabisa. Kilichombadilisha ni msiba. Krismasi ya mwaka 1928 alikuwa kwa ndugu zake, mtoto mdogo wa familia akatambaa mpaka kwenye moto na kuungua vibaya. Stapp alishinda na kukesha anamuuguza, mtoto akafariki. Kijana wa miaka 18 akaondoka pale ameamua kuwa daktari.

Sasa kuamua ni kitu kimoja na ada ni kitu kingine, hilo halihitaji mtu kuelezwa. Shahada ya kwanza 1931, ya pili katika elimu ya wanyama 1932, halafu pesa zikakata. Akaenda kufundisha kwenye chuo kidogo ili apate fedha, akarudi tena shule, akapata udaktari wa falsafa katika fizikia ya viumbe Chuo Kikuu cha Texas mwaka 1940, ndipo akaenda Minnesota kusomea utabibu. Alipomaliza na kuingia jeshini mwaka 1944 alikuwa na miaka 34. Kwa hiyo wewe uliyemaliza fomu foo na bado unasubiri, usiogope kuhesabu umri wako.

Kazi yake ya kwanza ya utafiti ilikuwa ya hewa. Marubani waliorushwa juu sana, futi 40,000, kwenye ndege zisizofungwa vizuri walikuwa wanapata maumivu makali ya viungo kwa sababu gesi ilikuwa inatoka kwenye damu kama povu la soda. Stapp akapanda mwenyewe, akakaa huko juu masaa, akagundua kwamba mtu akivuta oksijeni tupu nusu saa kabla ya kuruka tatizo linakwisha. Hapo tabia yake imeshaonekana: jaribio lolote la hatari, wa kwanza kupanda ni yeye.

Mwaka 1947 wakampeleka Muroc, jangwani California, mahali ambapo baadaye paliitwa Edwards. Na hapa ndipo habari yenyewe inapoanza, naomba mnivumilie kidogo kwenye hesabu.

Wataalamu hupima mshtuko wa kusimama ghafla kwa kutumia herufi g. Ukiwa umekaa hapo kwenye kiti cha kafe una g 1, yaani uzito wako wa kawaida. Ukipata g 10, kwa muda huo mwili wako unakuwa kama umezidishwa uzito mara kumi. Wakati ule wataalamu wengi waliamini kwamba binadamu akifika g 18 anakufa. Waliliamini hilo kama amri, na matokeo yake viti vya ndege, mikanda yake na bolti zake vilitengenezwa kwa kiwango hichohicho. Si mtu ameshakufa? Kiti imara cha nini?

Lakini katika vita vya pili kulikuwa na marubani walioanguka vibaya wakatoka wazima, na wengine walioanguka ajali ndogo tu wakafa. Ukienda kuangalia, unakuta kiti kiling'oka kwenye sakafu na kumpeleka rubani mbele akasagwe, au mkanda ulikatika. Stapp akaanza kuwaza kwamba labda mwili wa binadamu una nguvu kuliko kile kiti alichokalishwa. Nisimpe sifa zote peke yake lakini. Mmarekani mwingine, Hugh DeHaven, alikuwa ameanza kuuliza maswali hayo tangu aliponusurika kwenye ajali ya ndege ya mafunzo wakati wa vita vya kwanza, na mwaka 1942 aliandika kuhusu watu walioanguka kutoka maghorofani wakapona. DeHaven alichunguza watu walioanguka kwa bahati mbaya. Stapp alitaka kupima mwenyewe, kwa mizani.

Pale Muroc kulikuwa na reli yenye urefu wa futi 2,000. Juu yake wakaweka toroli la chuma lenye kiti, nyuma yake roketi, na mwisho wa reli mpangilio wa breki kali za kulikamata. Abiria wa kwanza alikuwa mwanasesere wa kilo 84 hivi waliyemwita Oscar Eightball. Jamaa huyo alipata tabu kweli. Kuna jaribio moja mkanda ulimwachia, akatoboa kioo cha mbao kilichokuwa mbele yake, akaruka jangwani zaidi ya mita 200, sura yake ya mpira ikabaki kwenye mbao. Fikiria kwamba baada ya kuona hilo, daktari ndiyo anasema sasa ni zamu yangu.

Desemba 1947 akapanda. Mara ya kwanza alikaa ameupa mgongo upande gari linakokwenda, na roketi moja tu. Kesho yake akaongeza. Na hakukimbilia, alipanda ngazi moja moja, anaandika kila kitu. Mpaka Agosti 1948 alikuwa ameshapanda mara 16, na ameshafika g 35. Ile 18 ya vitabuni aliipita zamani, na alikuwa bado anakula chakula chake kama kawaida.

Sitaki muone kama ilikuwa mchezo. Alivunjika mbavu, alivunjika kifundo cha mkono mara mbili, meno yaliyozibwa yalichomoka, alipata mtikisiko wa ubongo. Alipokaa kinyumenyume damu ilikimbilia nyuma ya kichwa, kila kitu mbele ya macho kikawa cheupe. Alipogeuka na kukaa uso mbele, damu ilisukumwa machoni, akaona wekundu mtupu na mishipa midogo ikapasuka. Wakubwa wake walipojua kwamba daktari mwenyewe ndiye abiria hawakufurahi, walitaka atumie sokwe. Na sokwe walitumika, tena wengi, na wengine walipelekwa makusudi mpaka kwenye viwango vya kuua. Mimi hapo nashindwa kumtetea. Najua bila hivyo mpaka wa kifo usingejulikana, lakini sokwe hakujitolea, alifungwa tu.

Jioni, baada ya kazi hizo, alikuwa anazunguka kutibu familia za wanajeshi pale kambini waliokuwa mbali na hospitali, bure.

Sasa kuna kitu mnakijua bila kujua kwamba kimetoka kwake. Mwaka 1949 alikuja injinia mmoja, Kapteni Edward Murphy, ameleta vipimo vya kufunga kwenye mikanda. Wakafanya jaribio zima, vipimo vikaonyesha sifuri. Kila kimoja kilikuwa kimeunganishwa kinyume! Murphy akakasirika na kusema maneno kuhusu fundi wake, kwamba jamaa huyo akipata nafasi ya kukosea lazima atakosea. Stapp, mtu aliyependa utani, akayachukua, na mbele ya waandishi wa habari akaeleza kwamba timu yake imepona kwa sababu wanaifuata sheria ya Murphy, yaani wanajua kinachoweza kuharibika kitaharibika, kwa hiyo wanakagua mapema. Ndiyo hiyo hiyo mnayoisikia mpaka leo kila kompyuta inapozima kabla hujasevu. Watu wanaitumia kulalamika, ila yeye aliitumia kukagua bolti.

Mwaka 1953 akahamia kambi ya Holloman, New Mexico, akapewa reli ndefu zaidi, futi 3,500, na toroli jipya lililoitwa Sonic Wind. Breki zake zilikuwa za maji: katikati ya reli kuna mfereji, toroli linashusha vijiko vikubwa na kuchota maji kwa kasi, maji yanalizuia. Swali lilikuwa la marubani wa ndege zinazopita kasi ya sauti: akilazimika kuruka nje, upepo na kule kupunguza kasi ghafla vitamuua?

Tarehe 10 Desemba 1954. Stapp ana miaka 44. Wamemfunga kifua, kiuno, mikono, miguu, kichwa kimeshikwa, mdomoni amewekewa kitu cha kung'ata asijikate ulimi. Mbele yake hakuna kioo. Kabla ya siku hiyo alikuwa anafanya zoezi la kuvaa nguo gizani chumbani kwake, kwa sababu alijua kuna uwezekano mkubwa asione tena. Hapo ndipo mimi niliposimama kusoma kwa muda. Mtu anajifunza upofu kwanza, ndiyo anakwenda kazini.

Roketi tisa zikawashwa. Kwa sekunde tano akafika kilomita 1,017 kwa saa. Juu yake ilikuwa inaruka ndege ya jeti ikiendeshwa na Joe Kittinger, na toroli likaiacha. Halafu maji. Kutoka kasi ile mpaka kusimama kabisa ni sekunde 1.4. Vipimo vikasoma g 46.2, yaani kwa kitambo hicho mwili wake ulikuwa na uzito wa tani tatu na nusu hivi.

Walipomfikia macho yalikuwa yamejaa damu, haoni kitu. Wakamkimbiza hospitali. Baada ya muda mwanga ukaanza kurudi kidogo kidogo, mpaka akaona tena. Akabaki na macho mawili meusi kama bondia aliyepigwa. Septemba 1955 jarida la Time likaweka sura yake kwenye jalada, magazeti yakamwita mtu mwenye kasi kuliko wote duniani. Yeye alitaka aendelee mpaka maili 1,000 kwa saa, jeshi likakataa, safari za roketi zikaishia hapo. Jumla alikuwa amepanda mara 29.

Sasa turudi kwenye siti. Faida ya mateso yote hayo ni nini?

Ya kwanza, kiti kilibadilika. Viti vya ndege za kivita vilianza kutakiwa kuhimili g 32, na mikanda ya mabega ikatengenezwa upya. Ya pili, aligundua kwamba mtu aliyekaa akiangalia nyuma anavumilia zaidi, kwa sababu mgongo mzima na kichwa vinapokelewa na kiti kwa pamoja, badala ya mkanda mwembamba kukukata. Kwenye kambi ileile ya Holloman, Mei 1958, Kapteni Eli Beeding alikaa hivyo akasimamishwa ghafla, kipimo cha kifuani kikasoma g 83. Alizimia, akalazwa, akapona. Jeshi likageuza viti kwenye ndege zake za abiria. Mashirika ya kiraia hayakugeuza, abiria anataka kuona mbele anakokwenda. Kwa watoto wazo hilo lilishika: katika miaka ya 1960 Bertil Aldman wa Sweden alibuni kiti cha mtoto kinachoangalia nyuma ya gari, akichukua mfano kwa wanaanga waliolala chali kwenye viti vyao.

Ya tatu ndiyo inayonigusa zaidi. Kinachoua si kasi, ni kusimama bila nafasi. Fanya hesabu mwenyewe. Gari liko kilomita 50 kwa saa limegonga ukuta. Kama pua ya gari inajikunja sentimita 60 na wewe umefungwa vizuri kwenye kiti kisichong'oka, unasimama pamoja na gari kwenye zile sentimita 60, unapata g 16 hivi. Unaumia, unaamka. Kama hukufungwa, gari linasimama wewe bado unakwenda 50, unakutana na deshibodi ambayo inabonyea sentimita 5 tu. Hapo ni karibu g 200. Tofauti ya maiti na majeruhi ni hizo sentimita 55, na kazi ya kiti na mkanda ni kukupa wewe. Ndiyo maana kwenye helikopta kama Black Hawk kiti cha rubani kimetengenezwa kizame chini taratibu ndege ikijibamiza, chuma chake kinapokea pigo badala ya uti wa mgongo. Kiti kinakufa kwa ajili ya mtu.

Stapp alipokuwa anapiga hesabu hizo aligundua jambo la aibu: jeshi la anga lilikuwa linapoteza karibu marubani wengi kwa ajali za magari ya kawaida kama linavyopoteza kwa ndege. Unamfundisha mtu kwa fedha nyingi, unampa kiti cha g 32 angani, halafu Jumamosi anakufa kwenye gari lake akitoka baa, kifua kimechomwa na usukani. Akaanza kukusanya magari mabovu na kuyagongesha pale Holloman, wanasesere wakiwa ndani. Wapo waliolalamika kwamba hiyo si kazi ya jeshi la anga. Hakuacha. Mei 1955 akaita watu wa vyuo, wa serikali na wa viwanda vya magari waje waone wenyewe, na mkutano huo ukawa unafanyika tena na tena, ukaitwa kwa jina lake. Mwaka 1957 akaenda mbele ya wabunge wa Marekani kueleza habari za mikanda. Viwanda wakati ule vilikuwa vinaona ukimtajia mteja usalama unamkumbusha kifo, hatanunua.

Mwaka huohuo wa 1957, Desemba, akaoa. Ana miaka 47, mke wake Lillian alikuwa mcheza dansi la baleti. Sijui alimweleza vipi habari za mbavu.

Tarehe 9 Septemba 1966 Rais Johnson alisaini sheria ya usalama wa magari, na Stapp alikuwepo pale akishuhudia. Kuanzia 1968 magari mapya ya abiria Marekani yakalazimika kuwa na mikanda. Huku kwetu Afrika Mashariki mambo yalichelewa: Kenya walilazimisha mikanda kwenye matatu Februari 2004, zile sheria za waziri John Michuki, mnazikumbuka, watu waligombania hata mikanda ya kununua. Ila mkanda uliofungwa kwenye siti yenye nati moja unamfunga abiria na siti, haumfungi na gari.

Alistaafu mwaka 1970 akiwa kanali, akaendelea kuishi Alamogordo, karibu na reli yake ileile. Mwaka 1991 alipewa nishani ya taifa ya teknolojia. Alifariki nyumbani kwake tarehe 13 Novemba 1999, kitandani, ana miaka 89.

Sasa wadau mnaofanya kazi gereji au mnaochomelea bodi, naomba mnijibu kwenye maoni hapo chini, bila matusi: siti moja ya Coaster inatakiwa kushikwa na bolti ngapi, na nyie huwa mnaweka ngapi?